Maji Ambayo Hayajazinduliwa

Nchi ninayowasimulia ipo, ila msiniulize iko wapi. Hata jina lake sina la kuwapa, maana jina lilipelekwa makao makuu kupigwa muhuri miaka mingi iliyopita na mpaka leo hatujarudishiwa. Tukitaka kuitaja tunasema "hapa" na tunaelewana. Ni nchi nzuri. Ina vilima, ina ng'ombe, na ina Wizara ya Maji Yajayo yenye ghorofa tisa, na kila ghorofa ina picha ya maji ukutani.

Sisi wa kijiji cha Mkongolo tulikuwa tunachota lamboni. Lambo letu maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe huingilia upande wa chini, watu huchota upande wa juu, na katikati kuna kibao cha serikali kinachowakataza ng'ombe kuvuka. Ng'ombe wetu hawakusoma. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo nikienda kuchota nilikuwa nawasomea, lakini wapi.

Basi mwaka huo serikali ikatukumbuka. Wakaja watu wa kuchimba mitaro, mabomba yakalazwa kutoka chemchemi ya kilima cha Mbega, na huko juu likajengwa tangi la zege. Chini kijijini, mbele ya zahanati, wakasimika bomba lenye koki nne. Bomba lingine dogo likaingia ndani ya zahanati mpaka chumba cha kujifungulia. Fundi wa kazi hiyo anaitwa Ngwatu, mtu mpole, akiagizwa jambo hulifanya kama lilivyo, haongezi wala hapunguzi. Siku aliyomaliza alifungua koki moja kujaribu, na maji yakatoka. Ukiweka mkono chini yake, unauona mkono wako.

Shoga yangu Bi Kazumari, ambaye meno ya mbele yalimpa mkono wa kwaheri zamani, akakinga kiganja, akanywa, akabaki amesimama anafikiri.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hayana kitu ndani," akasema. "Wamesahau kutia."

"Ndiyo maji yenyewe hayo, mwenzangu."

"Kumbe! Sasa miaka sitini na tisa mimi nimekuwa nakunywa nini?"

Papo hapo lilifika gari jeupe la serikali, na kabla halijasimama sawasawa akaruka mtu mwenye tai na mkoba, anapiga kelele, "Funga! Fundi, funga! Nani amewaruhusu?"

Ndiye Bwana Kilumile, Afisa Itifaki Mkuu Msaidizi wa Pili. Ndani ya mkoba hamkuwa na karatasi. Mlikuwa na tepe, nyekundu, bluu na za dhahabu, zimekunjwa vizuri kama nguo za harusi, na mkasi mmoja uliolala kwenye kitambaa cha mahameli.

"Wananchi," akasema, "hayo mliyoyaona si maji."

Tukatazamana.

"Kisayansi ni maji, sikatai. Lakini kiserikali bado. Maji yanakuwa maji siku yanapozinduliwa na Mheshimiwa Waziri. Kabla ya hapo ni kimiminika kinachosubiri."

"Mimi nimekwishakunywa kiganja kimoja," akasema Bi Kazumari, kwa kuwa yeye ni mkweli.

Bwana Kilumile akatoa kalamu, akamwandika. "Umekunywa sherehe, mama. Tafadhali usisafiri mpaka siku ya uzinduzi."

Akafunga utepe mwekundu kuzunguka bomba, akamweka mgambo wetu Chambo alinde, na rungu lake. Lakini koki ziliendelea kudondosha tone, tone. Kuku wakaja. Akina mama wakaja na vikombe, wakasema wanakinga ya kuku. Bwana Kilumile alipoona uzinduzi unavuja mchana kweupe, akampandisha Fundi Ngwatu kilimani afunge valvu ya tangi, akae huko huko mpaka siku yenyewe. Bomba likakauka. Utepe ukabaki unapepea, na lazima niseme ukweli, ulikuwa unapendeza.

*

Wakati tunasubiri hatukuachwa hivihivi. Tulipewa semina ya usafi.

Bwana Kilumile alitupanga mstari uwanjani, akatufundisha kunawa mikono. Maji hayakuwepo, tukanawa kwa vitendo. Kiganja kwa kiganja, nyuma ya mkono, katikati ya vidole, chini ya kucha, suuza, kausha. "Mkishazoea vitendo," akasema, "maji yakija yatawakuta mko tayari."

Bi Kazumari akasugua sana, akamaliza, akabaki amenyoosha mikono. "Mwanangu, maji machafu nimwage wapi?"

"Mwaga hapo," akasema Bwana Kilumile.

Akamwaga. Nasi wote tuliona Bwana Kilumile akirudisha kiatu nyuma kisilowe.

Tukapewa vyeti. Kila nyumba ikatundika kibuyu chirizi mlangoni mwa choo, kile kibuyu cha kunawia chenye kamba ya kukanyaga, kimepakwa rangi, ndani kikavu. Barabarani likasimamishwa bango: MKONGOLO, KIJIJI SAFI. Na pale zahanati kilijengwa choo kipya chenye vigae na mlango wa buluu, kikatiwa kufuli, na juu yake kikaandikwa: CHOO CHA MGENI RASMI.

Mkunga wetu, Nesi Eliwaza, mwanamke asiyetafuna maneno, akauliza, "Na wagonjwa wangu wa kuhara waende wapi?"

"Dada yangu, Mheshimiwa Waziri anasafiri safari ndefu. Ukifika hapa ukakuta choo kimetumika, utajisikiaje?"

"Mimi nitajisikia nimefika chooni."

Bwana Kilumile akacheka kwa adabu, akampa cheti cha pili.

*

Sasa niwaeleze kwa nini mimi sikuwa nacheka sana siku zile.

Nina mjukuu, Sikudhani. Nimemlea tangu ana siku tano. Mumewe anakata mkonge mbali, na yeye alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, anatembea kama bata. Hapa kwetu mama mjamzito hupewa orodha ya vitu vya kwenda navyo kujifungua: glovu, wembe mpya, kanga tatu, na ndoo mbili za maji safi. Serikali hutoa zahanati, na mama huja na maji yake. Ni kusaidiana.

Mama yake Sikudhani, binti yangu Chausiku, alikwenda na ndoo zake mbili, mwaka wa kiangazi kile, na zote mbili zilikuwa za lamboni. Mtoto alitoka mzima. Baadaye ndipo likaja joto la mwili. Siku ya tano tukamzika. Chausiku ndiye alikuwa na sauti ya vigelegele kuliko wanawake wote wa Mkongolo. Akianza yeye, ng'ambo ya pili ya bonde watu waliacha majembe. Sikudhani hajapata kupiga vigelegele hata mara moja. Ukimwuliza anakwambia, "Bibi, sijaona la kupigia."

Basi nikajifunga kanga, nikaenda kwa Bwana Kilumile. Alikuwa amekaa chini ya turubai lake mbele ya zahanati, anapiga pasi utepe wa akiba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na shida ndogo. Nataka ndoo mbili za kile kimiminika."

Akaweka pasi chini. "Za nini, Bibi?"

"Mjukuu wangu atajifungua mwezi huu."

"Mwezi huu tarehe ngapi?"

"Mungu ndiye anajua."

"Basi hapo ndipo tatizo," akasema, na kweli aliniambia kwa huruma. "Mheshimiwa anakuja tarehe kumi na nne. Mwambie mjukuu wako ajitahidi afike tarehe kumi na tano, atakuta maji tele."

"Mtoto hatazami kalenda, mwanangu."

"Ndiyo maana hatuendelei, Bibi. Tungeanza kupanga tangu tumboni, nchi hii ingekuwa mbali."

Nikamshukuru. Mtu akikushauri, unamshukuru. Nikarudi nyumbani nikamwambia Sikudhani ajitahidi. Akasema, "Bibi, mimi najitahidi. Mwambie na yeye," akanionyesha tumbo.

Tarehe kumi na nne ikafika, Waziri hakufika. Alikuwa anazindua kivuli cha daraja, na daraja lenyewe lingefuata. Ikasogezwa tarehe ishirini. Tarehe ishirini alipatwa na mafua, na kumbe mafua hayo nayo yalihitaji sherehe fupi. Ikasogezwa tarehe ishirini na nane.

*

Kuchelewa huko kulimpa Bwana Kilumile nafasi ya kupanga vizuri. Akatukusanya, akatueleza siku ya uzinduzi itakavyokuwa.

Waziri atakata utepe. Koki zote nne zitaachwa wazi tangu leo, maana Mheshimiwa hahangaiki na koki, kazi yake ni mkasi. Akishakata, maji yatoke yenyewe kama muujiza. Sasa Fundi Ngwatu yuko kilimani, nyuma ya miti, haoni uwanja. Atajuaje kwamba utepe umekatwa? Simu huko haishiki. Bendera ilijaribiwa, mbuzi wa watu akaila. Bwana Kilumile akafikiri siku mbili, akapata jibu.

"Vigelegele!" akasema. "Akina mama wa Mkongolo watapiga vigelegele vya furaha, Fundi atavisikia, atafungua valvu. Nimemwandikia barua."

Akatusomea nakala yake, kwa sauti ya redio. "Fundi Ngwatu. Usifungue valvu kwa kuombwa, kwa kutishwa wala kwa kuona huruma. Utafungua utakaposikia vigelegele vya wanawake wasiopungua saba, mfululizo, kwa dakika moja kamili. Ukisikia hivyo usimwulize mtu. Fungua. Na ukishafungua, usifunge."

"Na kwa nini saba?" akauliza Bi Kazumari.

"Chini ya saba ni furaha ya mtu binafsi."

Nikateuliwa mimi kuwa Kiongozi wa Furaha, nikapewa kofia. Nikasema sawa, tuanze mazoezi, nikavuta pumzi.

"La!" Bwana Kilumile akanirukia, akaniziba mdomo, halafu akakumbuka umri wangu akaomba radhi. "Mkipiga sasa, Fundi atafungua! Mazoezi ni bila sauti."

Basi tukafanya mazoezi bila sauti. Kila siku saa kumi jioni, wanawake saba tumesimama mstari mmoja, midomo wazi, ndimi zinachezacheza, na hakisikiki kitu. Watoto walilia kwa kututazama. Mbwa wa mgambo Chambo alihama kijiji. Bwana Kilumile alipita mbele yetu akipima, anasema, "Mama wewe wa tatu, ulimi uko chini. Bibi, furaha yako haifiki machoni."

Kutoka hapo vigelegele vikapigwa marufuku Mkongolo, mpaka uzinduzi. Aliolewa msichana mmoja Jumamosi ile, shangazi zake wakamfungulia midomo tu kama samaki. Bwana harusi akadhani wanamsonya, akataka kurudi kwao.

*

Uchungu ulimshika Sikudhani siku ya Jumanne, tarehe ishirini na nne. Saa mbili asubuhi tukamfikisha zahanati, mimi nimebeba glovu, wembe na kanga, na nyuma yetu ndoo mbili za lamboni. Nilikuwa nimezichuja kwa kitambaa mara nne. Zilikuwa zimetoka rangi ya chai ya maziwa, zikafika rangi ya chai ya rangi.

Nesi Eliwaza akafunua ndoo, akatazama, akafunika.

"Bibi, nitazichemsha. Nitazichemsha mara mbili. Lakini yakichemka yanakuwa tope la moto." Akanivuta pembeni, akashusha sauti. "Mtoto nitampokea kwa glovu. Ninachokiogopa ni baada ya mtoto. Kondo la nyuma, kumsafisha, kama amechanika kushona. Mikono yangu hii itaingia. Unakumbuka."

"Nakumbuka," nikasema.

"Wakati ule nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Sitaki tena, Bibi."

Nikatoka nje. Bwana Kilumile alikuwa pale pale chini ya turubai, na pasi yake. Mgambo Chambo alikuwa ameegemea bomba kavu.

"Chambo, mwanangu," nikamwambia, "hata kikombe?"

"Bibi, angalia midomo yangu ilivyopasuka. Nalinda maji huku nakufa kiu."

Nikakaa kwenye benchi. Nikawaza kumtuma mtu kilimani, nikakumbuka ile barua: si kwa kuombwa, si kwa kutishwa, si kwa huruma. Fundi Ngwatu hapunguzi wala haongezi. Basi nikatulia, maana mtu mzima akishindwa hutulia. Nikawatazama wanawake waliokuja kumsindikiza Sikudhani, nikawahesabu. Kuhesabu nilifundishwa darasa la kwanza, sidhani kama ni kosa. Pamoja na mimi tulikuwa sita.

Nikamwambia jirani, "Hebu nenda mbio kamwite Bi Kazumari. Mwambie aje kumtazama mgonjwa."

Bi Kazumari akafika anahema, mkononi bado ana mwiko. "Ameshajifungua?"

"Bado. Kaa hapa karibu yangu. Na nisikilizeni nyote. Mtoto akilia, msije mkasahau marufuku mkapiga vigelegele. Hasa hasa msipige wote saba. Na mkisahau, basi angalau msifikishe dakika nzima. Mmenielewa?"

Wakanitazama mmoja mmoja. Bi Kazumari akaweka mwiko chini, akajifuta mdomo kwa upande wa kanga.

"Tumekuelewa, Kiongozi wa Furaha," akasema.

Ndani Sikudhani alipiga ukelele. Nesi akasema, "Sukuma, mama, sukuma, si hapo, huku!" Halafu tukasikia sauti nyembamba, ya hasira, ya mtu aliyeamshwa.

"Msichana!" akaita Nesi Eliwaza.

Mtoto akilia, wanawake hujibu. Ndivyo tulivyopokelewa wote. Hata Bwana Kilumile alipozaliwa kuna wanawake waliompigia, masikini, hawakujua. Bi Kazumari ndiye aliyeanza. Yale meno yasiyokuwepo yanampa upepo ambao sisi wengine hatuna. Akafuata wa pili, wa tatu, nami ulimi wangu ukatoka wenyewe, baada ya siku zote zile za kunyamazishwa, na wote saba tukawa juu.

Bwana Kilumile akaruka kutoka turubaini, pasi ya moto mkononi. "Kimya! Mama zangu, bila sauti! Itifaki! Mheshimiwa hayupo!" Akawa anatupungia mkono wa kushoto, na mkononi pale alikuwa amevaa saa, saa nzuri, ya mishale mikubwa. Kila alipoinua mkono nilikuwa naona mshale mwekundu unakotembea. Sekunde thelathini. Akazunguka mstari. Arobaini. Jirani yangu akaanza kukohoa, nikamfinya. Hamsini. Pumzi ilinikatika nikaiiba puani bila kusimamisha ulimi, kama alivyokuwa akifanya Chausiku. Sitini. Tukaongeza na kidogo, ya bakhshishi.

Tukanyamaza.

Hakikutokea kitu. Bwana Kilumile akasikiliza. Upepo ukapita kwenye utepe. Akaanza kutabasamu. "Ashukuriwe Mungu," akasema, "Fundi amesinzia."

Ndipo bomba likakohoa. Likatema upepo, likatema kutu, likatema mjusi, halafu koki zote nne zikabubujika kwa pamoja, na maji yakampiga Chambo mgongoni, akakaa chini humohumo, akafungua mdomo. Utepe ukalowa, ukateleza, ukaenda na mkondo ukakwama kwenye kiatu cha Bwana Kilumile. Na kule ndani nikasikia kile nisichopata kukisikia katika zahanati yetu, mlio wa maji yanayogonga beseni.

"Bibi!" akaita Nesi Eliwaza. "Yanatoka! Usiingie, nanawa mikono. Usiingie, nanawa!"

Alinawa muda mrefu sana. Nilikaa kwenye benchi nikausikiliza mlio ule mpaka ulipokwisha.

*

Kijiji kizima kikaja na ndoo, masufuria, mabeseni, mwingine na kofia. Bwana Kilumile akapanda juu ya kiti.

"Wananchi! Maji haya yametoka kimakosa. Yote yarudishwe kabla ya saa kumi!"

Sisi ni watu watiifu. Ilipofika saa kumi tulipanga foleni kurudisha. Mmoja alileta maji aliyofulia magunia, mwingine maji ya maharage yakiwa na maharage, Chambo alisema yake amekunywa lakini akingojewa kidogo atayarudisha. Mimi nilileta beseni.

"Hii ni nini, Bibi?"

"Aliyoogea mtoto, mwanangu. Yote yapo, sijapunguza."

Akakaa chini, akajishika kichwa. Jioni Fundi Ngwatu akashuka kilimani na barua yake mfukoni, akaisoma neno kwa neno. Wanawake saba, alihesabu sauti saba. Dakika moja, alipima. Usimwulize mtu, hakumwuliza. Ukishafungua usifunge.

"Nimekosea wapi, mkubwa?"

Bwana Kilumile hakuona pa kumshika. Akafungua kitabu chake cha itifaki, akasoma usiku hadi kunakucha, na asubuhi akatuita, macho mekundu. Kitabu kilisema jambo likishazinduliwa haliwezi kuzinduliwa mara ya pili. Na kilisema tena, ukurasa wa mia na tatu: Mgeni Rasmi ni yule ambaye kwa ajili ya kufika kwake vigelegele vimepigwa na mradi umefunguka.

Fomu ikajazwa, ipo wizarani ghorofa ya nne, mwenye kupenda akaisome. Jina la Mgeni Rasmi: bado hajapewa. Cheo: mtoto. Uzito: kilo tatu na robo. Hotuba: alilia. Maoni ya wananchi kuhusu hotuba: ilikuwa fupi.

*

Waziri alifika tarehe ishirini na nane, na magari kumi na moja. Bwana Kilumile akamkimbilia, akamnong'oneza muda mrefu. Tukaona uso wa Waziri unakunjwa, unakunjuliwa, unakunjwa tena. Lakini itifaki ni itifaki, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitia sahihi. Mgeni Rasmi alikuwa ananyonya, kwa hiyo Mheshimiwa akasubiri kwenye benchi la zahanati, pamoja na wagonjwa, dakika arobaini. Katika kusubiri akaomba choo. Kufuli likafunguliwa, halafu Bwana Kilumile akakumbuka maandishi ya mlangoni, akamwuliza kwanza Sikudhani kama mtoto wake anaruhusu.

"Aende tu," akasema Sikudhani. "Sisi tunatumia nepi."

Alipotoka, Waziri akanyoosha mikono ampokee mtoto, na wapiga picha wakajipanga.

"Nawa kwanza, Mheshimiwa," akasema Nesi Eliwaza.

Waziri akatabasamu kwa kamera, akanawa. Kiganja kwa kiganja, nyuma ya mkono, katikati ya vidole, chini ya kucha. Alifanya vizuri sana. Akasuuza, akakausha.

"Kwa maji," akasema Nesi.

Waziri akatazama bomba. Akalisogelea, akalizunguka mara moja, akalizunguka mara ya pili, akiinama kuangalia juu na chini. Akamgeukia Bwana Kilumile, akasema taratibu, "Utepe uko wapi?"

"Umekwishakatika, Mheshimiwa."

"Sasa linafunguliwaje?"

Nikamwonea huruma. Mtu mzima, na wasaidizi wote wale. Nikaenda nikamshika mkono, nikauweka juu ya koki. "Hivi, mwanangu. Zungusha kushoto kwako. Usiogope." Akazungusha. Maji yalipomgusa alishtuka, akaurudisha mkono nyuma, kisha akaupeleka tena mwenyewe.

Mtoto akaitwa Chausiku.

Siku ya tano ilipita Sikudhani akiwa mzima, ingawa mimi sikulala siku hiyo, nilikuwa namgusa paji la uso kila mara mpaka akanigombeza. Ikapita ya saba. Siku ya arobaini akatoka nje mwenyewe na karai la nepi, akaenda kufua pale bombani, akarudi analalamika kwamba foleni ni ndefu na wanawake wa siku hizi hawana adabu. Nikalia kidogo, nikasema ni moshi.

Juzi tumepata ugeni kutoka Lukande, kijiji cha ng'ambo ya bonde. Nao wana bomba jipya mbele ya zahanati yao, lina utepe wa bluu, na huu ni mwezi wa tisa linasubiri kuzinduliwa. Fundi yuko kilimani na barua. Waliuliza kwa heshima kama sisi wa Mkongolo tunaweza kwenda kuwasalimia, maana kwao wanawake wenye pumzi ya dakika nzima ni sita tu, na kuna binti mmoja miguu imeanza kuvimba.

Bi Kazumari alisema atakwenda, ila goti linamsumbua. Mimi kifua changu siku hizi hakifiki sekunde arobaini.

"Nitakwenda mimi," akasema Sikudhani, mtoto mgongoni, mikono bado ina povu la sabuni.

"Wewe hujapata kupiga."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akatazama kule bondeni, akainua kichwa akapiga kimoja tu, cha kujaribu. Ng'ambo ya pili ya bonde niliona watu wakiacha majembe.